PS3 inaiona Wi-Fi ya nyumbani lakini haishiki. Ubovu ni wa PS3 au wa ruta?

#1 Ngosha wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina PS3 (PlayStation 3) slimu, nyuma imeandikwa CECH-2504A. Ilikuwa ya kaka yangu alipokuwa Dubai, akaniachia na akaunti yake ya PSN, mtandao wa gemu wa Sony, ya Emirati yenye gemu alizonunua kitambo. Miaka yote ilishika Wi-Fi ya ruta yetu ya laini ya 4G bila maneno. Mwezi uliopita tumefungiwa intaneti ya faiba, ruta nyeupe ya antena nne, na tangu hapo PS3 imegoma.

Kuiona inaiona. Jina la mtandao lipo kwenye orodha, naweka nenosiri, napima, mstari wa kwanza kabisa wa kupata anwani ya IP unazunguka weee, halafu inasema muda umekwisha. Simu, TV na laptopu zote zinapeta. Nimempigia fundi wa kampuni, kaniambia mashine ni ya kizamani, ninunue PS5.

Wanaojua naomba mnisaidie, ubovu uko wapi? Nawasilisha.

#2 Mtoto wa Kota
Hiyo PS5 analipia yeye?

#3 Babu Pedi
Jibu fupi: ni mambo ya bendi, yaani masafa ya redio ya Wi-Fi. PS3 haijui GHz 5. Inasoma 2.4 tu, tena kwa viwango vya zamani vya 802.11b na g. Ruta za faiba zinatoa bendi mbili. Ingia kwenye setingi, tenganisha majina, ya 2.4 ipe jina lake, unga PS3 huko. Kesi imefungwa.

#4 dada_mtandao
Babu, kesi umeifunga kabla shahidi hajasema. Jamaa kaandika jina analiona. Mashine isiyo na redio ya GHz 5 italionaje jina kama halitangazwi kwenye 2.4?

Mimi mashaka yangu yako kwenye ulinzi. Ruta mpya nyingi siku hizi zinakuja zimewekwa WPA2 na WPA3, zile kanuni za ulinzi wa Wi-Fi, kwa pamoja. WPA3 imetangazwa 2018, PS3 imeingia sokoni Novemba 2006. Kwa maandishi, kifaa cha zamani kinatakiwa kipite kwa WPA2 bila kujali hiyo nyingine. Kwa vitendo kuna vifaa vinavurugwa na tangazo lenye vyote viwili, na ruta ikilazimisha PMF, ule ulinzi wa ujumbe wa usimamizi kati ya ruta na kifaa, ndiyo kabisa. Ngosha, weka WPA2 peke yake, na kwenye njia ya usimbaji chagua AES, TKIP ya zamani achana nayo. Halafu utuambie.

#5 Babu Pedi
@dada_mtandao soma vizuri. Jina likiwa moja kwa bendi zote mbili, ruta inasukuma vifaa viende GHz 5. PS3 inabisha hodi mlango wa 2.4, ruta inakausha makusudi ikitegemea mgeni atazunguka aje mlango mwingine. Mgeni mwenyewe huo mlango mwingine haujui. Anabisha mpaka anakata tamaa. Jina analiona, kuingia haingii. Bado ni bendi.

#6 dada_mtandao
Hapo umejieleza. Ila ruta nyingi zenye tabia hiyo humkubali mgeni akiendelea kubisha, hazimwachi nje mwezi mzima.

#7 Mzee wa Kebo
Mnapoteza muda. PS3 ina tundu la LAN la gigabiti 1. Wi-Fi yake ya g ni Mbps 54 kwenye karatasi, mkononi ukipata 20 piga magoti ushukuru. Nunua kebo ya Cat5e, chomeka, endelea na maisha.

#8 Ngosha wa Tabata
Mzee, ruta iko sebuleni, PS3 iko chumba cha nyuma. Bimkubwa hataki kuona waya unapita koridoni, anasema wajukuu watajikwaa.

#9 Mlalahoi Msomi
Kumbe msimamizi wa mtandao anajulikana. Hata nenosiri la ruta atakuwa nalo yeye.

#10 Fundi Nyamagana
Mimi natengeneza hizi mashine Mwanza, nimefungua nyingi. PS3 zote zina Wi-Fi na Bluetooth ndani, na vinakaa pamoja. Vikianza kuchoka, utaona mitandao kwenye orodha lakini kushika inakuwa taabu, kwa sababu kusikia tangazo ni rahisi kuliko kujibu. Swali langu: pedi inashika bila waya? Inakatika katikati ya gemu? Hapo ndipo tuanzie, hayo ya WPA ni baadaye.

#11 Kijana wa Nyali
Salamu kutoka Mombasa. Fundi, kwa heshima, si zote. Ile nene ya GB 20 iliyotoka mwanzo Japani na Marekani haikuwa na Wi-Fi, ilikuwa na Bluetooth na tundu la LAN tu. Ya GB 60 ndiyo iliyokuwa nayo. Binamu yangu aliletewa ya GB 20, akazunguka na menyu mchana kutwa akitafuta kitu ambacho hakikuwemo.

#12 Fundi Nyamagana
Hiyo ya GB 20 Mwanza haijafika, kwa hiyo kwangu zote zina Wi-Fi 😂

#13 Ngosha wa Tabata
Mrejesho. Pedi inashika vizuri, haikatiki. Nimewasha hotispoti ya simu yangu ya Android, PS3 imeshika palepale, IP imepata, intaneti ipo, ila NAT (ile ya kutafsiri anwani za ndani kwenda nje) inasema aina ya 3, ile yenye vizuizi. Hotispoti ya iPhone ya dada haionekani kabisa kwenye orodha.

#14 Binti Ubungo
Ya iPhone ni rahisi. Kuanzia iPhone 12, hotispoti inatumia GHz 5 usipoiambia vingine. Palepale penye nenosiri la hotispoti kuna swichi ya kuongeza upatanifu, iwashe, itashuka 2.4 na PS3 itaiona.

#15 Babu Pedi
Haya, shahidi kasema. Bendi.

#16 dada_mtandao
Kasema nini? Hotispoti ya Android iko 2.4 NA iko WPA2. Kila mmoja wetu anaweza kuichukua ikawa ya kwake. Kilichothibitika ni kwamba kadi ya Wi-Fi haijafa.

#17 Fundi Nyamagana
Hata hilo halijathibitika. Simu ilikuwa umbali gani? Kiwaya cha antena kikilegea, mashine inashika kitu cha pembeni tu. Beba PS3 uipeleke sebuleni, iweke karibu na ruta, upime. Ikishika hapo, nitumie mashine.

#18 Mtoto wa Kota
Fundi anatafuta kazi waziwazi.

#19 Mpemba wa Muscat
Assalaam aleikum. Yangu niliinunua imetumika pale Ruwi, namba ya mwisho ni 01, yaani ya soko la Marekani. Ya Ngosha ina 04, hiyo ya Ulaya na kwetu huku. Yangu ilikuwa leo yaiona ruta, kesho haiioni. Sababu nikaja kuigundua: ruta yachagua chaneli yenyewe, na ikienda 12 au 13 jina lapotea, kwani vifaa vya Marekani vyaishia 11. Nikaifunga chaneli 6, upana MHz 20, na tangu hapo sina tatizo. Majengo ya huku kila chumba kina ruta, 2.4 yote imejaa, ile ya MHz 40 huzidisha fujo.

#20 Kijana wa Nyali
Hiyo ya chaneli ni kweli lakini si ya Ngosha, maana jina lake halipotei. Mimi ningeuliza juu ya hali ya redio. Kuna ruta zimewekwa zikubali kiwango cha 802.11n na kuendelea tu, g zimeikatia. Mtu anaweka hivyo ili mtandao uwe mwepesi, bila kujua amefungia mashine za zamani nje.

#21 Sogea Tukae
Mimi nina swali la pembeni. Nintendo DS ya mwanangu haikubali ruta yoyote. Mtu kaniambia niweke WEP, ule ulinzi wa zamani wa Wi-Fi.

#22 dada_mtandao
@Sogea Tukae ni kweli DS ya kwanza inajua WEP tu, WPA haijui. Lakini usishushe nyumba nzima kwenye WEP kwa ajili ya gemu, hiyo inavunjwa kwa dakika chache na mtu yeyote mwenye laptopu. Na seva za Nintendo za DS na Wii zilifungwa Mei 2014, kwa hiyo hata ikishika, huko mtandaoni kilichobaki ni zile seva za mashabiki.

#23 Babu Pedi
PSP nayo ni 802.11b tupu na WPA2 haina, inaishia WPA. Turudi kwenye PS3 kabla uzi haujageuka makumbusho.

#24 Ngosha wa Tabata
Nimepeleka sebuleni, nimeiweka mita moja na ruta. Matokeo yaleyale, haipati IP. Shida nyingine: setingi za ruta siwezi kuingia. Nenosiri la chini ya ruta linanipa ukurasa wenye jina na nenosiri la Wi-Fi tu, mambo ya ulinzi na chaneli hayapo. Kampuni wanasema hayo wanabadilisha wao kwa mbali.

#25 Mlalahoi Msomi
Mkuu ingia YouTube, kuna nenosiri la siri la msimamizi la ruta karibu zote.

#26 Binti Ubungo
Asiingie huko. Ruta ni ya kampuni, akiharibu kitu watakuja kumtoza. Piga huduma kwa wateja, usimtaje PS3 kabisa, waambie una kifaa cha 802.11g, unaomba WPA2 AES na bendi zitenganishwe. Ukitaja gemu watakuambia ununue PS5.

#27 Mzee wa Kebo
Au kebo.

#28 Chizi wa Fifa
Jamani, hivi PS3 mtandaoni mnatafuta nini mwaka huu? FIFA ya mwisho kwake ilikuwa FIFA 19, PES ya mwisho 2018. GTA Online ya PS3 ilizimwa Desemba 2021. Na nyingi hapa mjini zimechipwa, yaani zimechezewa zipige gemu zisizo halali, ukiziingiza PSN zinafungiwa.

#29 Ngosha wa Tabata
Yangu haijachipwa. Nataka kushusha upya gemu za kaka, diski ngumu ya mwanzo ilikufa nikaweka nyingine.

#30 Kijana wa Nyali
@Chizi wa Fifa duka la PS3 bado liko wazi. Walitangaza Machi 2021 kwamba watalifunga Julai, watu wakapiga kelele, Aprili wakabadilisha mawazo. Ulichowahi kununua unakishusha. Kununua kipya ndiyo kuna mzunguko: kadi ya benki haikubaliki tena kwenye PS3 yenyewe tangu Oktoba 2021, lazima ujaze pochi kwa kompyuta au simu.

#31 Chizi wa Fifa
Na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, kila mtu hapa ni mkazi wa Emirati au Marekani kwenye karatasi. Mimi ni raia wa Texas tangu 2012.

#32 Mtoto wa Kota
Texas ya Mbagala.

#33 Ngosha wa Tabata
Mrejesho mwingine. Kampuni wamekubali, wameweka WPA2 peke yake na kuzipa bendi majina mawili. IMESHIKA. IP imepata, intaneti imepata. PSN ikagoma na namba 80710102.

#34 Babu Pedi
Majina mawili. Nilisema.

#35 dada_mtandao
WPA2 peke yake. Nilisema. Na wamebadilisha vyote kwa mpigo, kwa hiyo mimi na wewe hatutajua mpaka kiama.

80710102 ni DNS, ile huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP. Ingia setingi za mtandao za PS3, chagua njia ndefu badala ya ile rahisi, acha kila kitu kijiweke chenyewe isipokuwa DNS. Weka 8.8.8.8 ya kwanza na 1.1.1.1 ya pili.

#36 Shabiki wa Saa
Pia angalia saa na tarehe. PS3 za umri huo betri ya ndani, CR2032, imeshakufa. Ukizima swichi ukutani inarudi miaka ya nyuma, na vyeti vya usalama vya seva vinakataa tarehe ya uongo. Inawezekana tangu mwanzo tatizo lilikuwa hilo.

#37 dada_mtandao
Tangu mwanzo hapana. Ruta haikuulizi tarehe ndipo ikupe IP. Kwenye kuingia PSN, hapo nakubaliana nawe.

#38 Shabiki wa Saa
Ya kwangu nilibadilisha betri na ikashika siku hiyohiyo. Sitaki nadharia.

#39 Fundi Nyamagana
Ulipobadilisha betri uliifungua mashine, na ukiifungua unagusa viwaya vya antena, unavirudisha vizuri. Ulijitengenezea Wi-Fi bila kujua.

#40 Mlalahoi Msomi
Fundi hakubali kushindwa 😂😂

#41 Ngosha wa Tabata
Saa ilikuwa sawa. DNS nimeweka, akaunti ikaanza kuingia, ikadai toleo jipya la programu endeshi. Kupakua kunafika katikati kunakatika.

#42 Binti Ubungo
Lipakue kwa kompyuta kutoka tovuti rasmi. Fleshi iwe na mfumo wa faili wa FAT32, tengeneza folda PS3, ndani yake UPDATE, ndani weka faili PS3UPDAT.PUP, herufi zote kubwa. Kisha kwenye menyu ya sasisho chagua hifadhi badala ya intaneti. Umeme ukiwa wa kusuasua usithubutu kuanza. Na kama akaunti ya kaka ina uthibitisho wa hatua mbili, PS3 haitakubali nenosiri la kawaida, atengeneze nenosiri la kifaa kwenye tovuti akutumie.

#43 Ngosha wa Tabata
Dada ubarikiwe, la nenosiri la kifaa ndilo lililokuwa linanisubiri mbele. Toleo jipya limeingia, akaunti imefunguka, gemu moja imeanza kushuka usiku. Asubuhi nimeamka, PS3 haipati IP tena. Majina mawili ya bendi yamerudi kuwa moja.

#44 Babu Pedi
Kampuni wamesukuma setingi zao usiku, ruta imerudi ilikotoka. Bendi zimeungana, PS3 imetoka nje. Sasa nani anabisha?

#45 dada_mtandao
Mimi. Setingi zikirudi zinarudi zote, pamoja na WPA3. Ngosha, kwenye simu yako ya Android gusa jina la huo mtandao usome aina ya ulinzi, kisha tupia hapa.

#46 Mpemba wa Muscat
Na chaneli pia itakuwa imerudi kujichagua. Siachi langu.

#47 Mzee wa Kebo
Kijana, ile ruta ya 4G ya zamani bado unayo?

#48 Ngosha wa Tabata
Ipo kabatini.

#49 Mzee wa Kebo
Basi sikiliza, na bimkubwa hataona waya hata mmoja. Iwashe bila laini. Ingia setingi zake kwa laptopu, ibadilishe anwani yake ya IP isigongane na ya ruta ya faiba. Kama ya faiba ni 192.168.1.1, hii ya zamani iite 192.168.1.2. Zima DHCP, kazi ya kugawa anwani aifanye mmoja tu. Jina la Wi-Fi na nenosiri acha yaleyale ya zamani. Kisha chukua kebo fupi, toka tundu la LAN la faiba uingie tundu la LAN la hiyo ya zamani. Zikae pamoja nyuma ya TV. PS3 itashika Wi-Fi ileile iliyoizoea, intaneti itatoka faiba, na kampuni wabadilishe wanachotaka usiku kucha.

#50 Kijana wa Nyali
Hii nimeipenda. Nyongeza: ziweke chaneli tofauti, moja 1 nyingine 11, zisipigane. Na kama ruta ya zamani ina tundu moja tu, hakikisha limewekwa kuwa LAN, maana nyingine hulitumia tundu hilo kuwa la kuingizia intaneti.

#51 Babu Pedi
Mzee wa Kebo ameshinda kwa kebo ya nusu mita.

#52 Ngosha wa Tabata
Imekubali. Niko chumba cha nyuma, gemu zinashuka. Shukrani wote. NAT bado aina ya 3 lakini sina mpango wa kucheza na mtu.

#53 Chizi wa Fifa
NAT 3 usiilaumu PS3. Sasa una ruta mbili.

#54 dada_mtandao
Chizi, hapana. DHCP imezimwa na kebo iko LAN kwa LAN, kwa hiyo anayetafsiri anwani ni mmoja, ruta ya faiba. Uwezekano mkubwa ni kampuni kuweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Hata hotispoti ya simu ilimpa 3, angalia #13.

#55 Chizi wa Fifa
Au UPnP, ile ya kuifungulia mashine milango ya ruta yenyewe, imezimwa kwenye ruta ya faiba.

#56 dada_mtandao
Au hiyo. Na setingi hiyo wanayo wao.

#57 Fundi Nyamagana
Kwa hiyo mnakubaliana kuwa PS3 ni nzima?

#58 Shabiki wa Saa
Kwa sasa. Abadilishe betri.

#59 Mgeni Rasmi
Wakuu nimeufuata uzi kimya. Mimi nina Xbox 360 ile nyeupe nene ya 2007, menyu ya mtandao haionyeshi Wi-Fi hata moja. Nifuate njia ya Mzee?

#60 Kijana wa Nyali
Xbox 360 za kwanza hazina Wi-Fi ndani, ilikuwa inauzwa adapta ya kuchomeka nyuma. Wi-Fi ya ndani ilikuja na ile ya S, 2010. Lakini tundu la LAN unalo, kwa hiyo njia ya Mzee igeuze: ruta ya zamani ikae karibu na Xbox, ipokee Wi-Fi ya nyumbani, kisha ipeleke kwa kebo kwenye mashine. Tafuta kwenye setingi zake hali ya kurudia mtandao au ya mteja. Si zote zinayo. Na duka la Xbox 360 limefungwa Julai 2024, usitegemee kununua kipya, ulichonunua zamani unaweza kukishusha.

#61 Mgeni Rasmi
Ruta ninayo, ya laini, hali hiyo siioni popote.

#62 Mzee wa Kebo
Nyumba yako ina korido?

#63 dada_mtandao
Ngosha, ile picha ya aina ya ulinzi bado naisubiri.